Usingizi wa Zamu ya Bani

Mwaka tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Igalula, nilikuwa na mtoto wa kike wa miezi tisa na sikuwa na usingizi. Nasema sikuwa nao kama mtu anavyosema hana chumvi. Ulikwisha ndani ya nyumba, na hapakuwa na jirani wa kumwomba.

Wapo wanaoisifia miaka ile, na mimi sibishani nao kuhusu shule wala bomba la maji. Maji yale niliyanywa. Ninachobisha ni kimoja: katika mikutano yote ile, na ilikuwa mingi, hakuna aliyesimama akauliza mwanamke analala muda gani.

Shamba la kijiji lilikuwa la tumbaku. Kila asubuhi saa kumi na mbili kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi kiligongwa, na kila nyumba ikatoa watu wake. Tulichuma majani mpaka adhuhuri, tukayafunga kwenye vijiti, kisha tukaenda kuteka maji, kutwanga na kupika ugali. Saa kumi nilifundisha kisomo cha watu wazima, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kijiji kizima hatukufika watatu. Halafu lilikuwepo bani.

Bani ni nyumba ya udongo isiyo na madirisha. Majani mabichi yananing'inizwa ndani, moto unawashwa upande mmoja, joto linapita kwa bomba mpaka majani yakauke na kugeuka rangi. Moto ule hauzimwi kwa wiki nzima. Ukizidi, majani yanaungua. Ukipungua, yanaoza. Lazima mtu aukeshee. Kamati ya kijiji ilikaa ikagawa kazi: wanaume wakate kuni, wanawake wakae na moto. Sababu yao ilikuwa kwamba kukaa na moto ni kupika, na kupika ni kwa mwanamke. Watu wazima, wenye akili zao, waliitazama nyumba inayozidi ofisi ya chama kwa ukubwa wakaona chungu.

Nilipangiwa zamu tatu kwa wiki. Zamu ilianza jua likizama na kwisha chuma kikigongwa, na chuma kikigongwa nilitakiwa shambani. Mtoto alikuwa mgongoni. Mume wangu alilala. Simsingizii, kuni alikata kweli, na kila asubuhi alinipa pole. Pole zile ningezijaza gunia.

Siku moja kwenye kisomo nikaacha somo la kitabuni. Nikaandika ubaoni nilichofundishwa sekondari: mtu mzima anahitaji masaa saba mpaka manane ya usingizi; anayelima au kubeba mizigo, zaidi; anayenyonyesha, zaidi tena. Nikawaambia wasome kwa sauti.

Walisoma vizuri. Kisha wakacheka mpaka baba mmoja akafuta machozi.

"Mwalimu, mtu aliyelala masaa manane, huyo amekufa au ameajiriwa serikalini?"

"Ndivyo mwili unavyotaka, ndugu."

"Mwili wa nani? Wangu haujawahi kuniambia."

Aliyekaa mbele alikuwa jirani yangu, mimba yake ikiwa imeanza kuonekana. Yeye hakucheka. Akauliza, "Na ukilala manne kila siku, yale mengine yanakwenda wapi?"

"Yanajitafutia nafasi yenyewe. Utalala umesimama."

"Basi mimi jana nimelala kwenye foleni ya maji," akasema. Wakacheka tena.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshapata habari.

"Nasikia unafundisha watu kulala."

"Nafundisha afya, mama."

"Baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, kabla ya reli. Miguu mitupu. Sikumsikia akilia usingizi. Wewe unabeba nini? Katoto."

Mama mkwe hajibiwi, na isitoshe nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Hasira nayo inataka mtu aliyelala.

Wiki iliyofuata mwenzangu mmoja aliugua, nikakaa zamu mbili mfululizo. Siku ya pili, mchana, tulikuwa kwenye banda la kuchambulia, tunatenga majani makavu kwa madaraja. Nilimweka mtoto kwenye kanga kando yangu. Nakumbuka nimeshika jani la rangi ya chungwa, najiuliza liende daraja la kwanza au la pili. Kisha nakumbuka jirani yangu ananipiga begani. Katikati hapana kitu. Waliokuwepo waliniambia haikufika hata robo saa. Walidhani nimeinama nachambua.

Mtoto alikuwa ametambaa mpaka kwenye lundo la makapi, na mdomo wake wote ulikuwa wa kahawia.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alitoa udenda mwingi, akatapika, akawa mlegevu kama nguo iliyoloweshwa. Jirani yangu alimtia kidole mdomoni akachomoa vipande. Mume wangu alitukimbiza zahanati kwa baiskeli, mimi nyuma, mtoto kifuani, shingo yake haikai.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa umri wangu.

"Amekula kiasi gani?"

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

"Mchana huu?"

"Mchana huu."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nina zamu ya bani."

Alimsafisha mtoto kinywa, akanionyesha namna ya kumlaza kiubavu asipaliwe na matapishi. Akasema tumbaku haina dawa pale kwake. Akifika jioni anapumua, atapona.

Tulikaa. Nilimlaza mapajani nikitazama mbavu zake zinavyopanda na kushuka. Na hapa nitasema jambo la aibu. Mtoto wangu yuko hivyo, hajulikani wa kufa wala wa kupona, na kichwa changu kiliniangukia kifuani mara mbili. Nilijifinya paja mpaka damu ikatoka. Kila siku nilikuwa nimeambiwa usingizi ni tabia, ni uvivu, ni kuendekeza mwili. Siku ile niliujua vizuri. Nilimpenda mtoto yule kuliko macho yangu, na macho yalifumba.

Jua lilipokuwa linashuka alifungua macho yake akatafuta ziwa.

Wiki haikwisha nikaitwa mbele ya kamati. Kosa: uzembe, kulala kazini. Tulikutana ofisini mchana, madirisha yamejaa watu.

"Ndugu mwalimu," mwenyekiti akasema, "ulilala kazini?"

"Nililala."

"Na mtoto akala mali ya kijiji."

Sitanii, alisema hivyo. Nikamjibu, "Alikula, akaitapika. Ipo zahanati, mnaweza kuifuata."

Dirishani mtu akacheka. Mwenyekiti akakohoa, akaanza hotuba. Kwamba sisi Wanyamwezi ni watu wa safari. Kwamba babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, nao hawakujua habari za masaa manane ya ubaoni.

Sauti ya mama mkwe ikatoka mlangoni. "Mwenyekiti, babu yako alikuwa akisuka vikapu. Muache baba yangu."

"Mama, tuko kwenye kikao."

"Na mimi nimo. Baba yangu alikuwa mpagazi. Walitoka alfajiri, na jua likifika hapa," akaonyesha juu ya kichwa chake, "mizigo chini. Wanapika, wanakula, wanalala mpaka jua lipoe. Kiongozi akitaka kupitiliza kambi, wanatua mizigo palepale njiani na kuikalia. Mwarabu na pembe zake anangoja."

"Mama, mbona tulisikia vingine?"

"Vile nilikuwa namwambia mkwe wangu, achape kazi. Sasa nakwambia wewe."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilitamani kumkumbatia. Nikasimama nikaomba jambo moja: wanaume waingie zamu za bani, tugawane. Mjumbe mmoja akasema moto ni kazi ya jikoni. Mwingine akasema mume wa mtu hawezi kuchungulia bomba kama anaivisha maharage. Mume wangu alikuwa ameketi pale. Alitazama viatu vyake.

Mwishowe wakaamua kwa huruma, neno lao wenyewe: mimi niondolewe bani mpaka mtoto atembee. Nilirudi nyumbani nikiamini nimeshinda.

Nililala siku ile tangu jua kuzama mpaka chuma cha asubuhi. Sikuota. Nilipoamka nilidhani kuna mtu amenibadilishia mwili. Shingo iligeuka. Nilisikia harufu ya unga wa mtama ndani ya kapu, na nikaona mtoto ameota jino la chini. Lilikuwa limeshatokeza kabisa. Sijui liliota lini.

Nikatoka nje. Kwenye njia ya bani nikamwona jirani yangu anakuja taratibu, majivu magotini, mkono umeshika kiuno.

"Mwangaluka, mwalimu," akaniamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Umetoka bani? Zamu hii si ilikuwa yangu?"

"Zako tatu nimepewa mimi, juu ya zangu." Hakusema kwa ubaya. "Umelala?"

"Nimelala."

"Inakuwaje?" Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za Dar es Salaam.

Kamati haikuwa na usingizi wa kunigawia. Iliuchukua kwake, na mimba yake ya miezi mitano, ikaniletea mimi, nami niliulala wote bila kuuliza umetoka wapi.

Chuma kikaanza kugongwa. Nikamshika mkono nikamwingiza ndani, nikamwonyesha kitanda ambacho bado kilikuwa na joto langu.

"Wataniuliza," akasema.

"Wataniuliza mimi."

Hakubisha. Alikuwa amelala kabla sijamvua kandambili.

Shambani nilichuma mistari miwili, wangu na wake. Mwenyekiti akaja kusimama mwanzo wa mstari.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amelala."

"Anaumwa?"

"Hapana. Amelala."

"Na zamu ya leo jioni?"

Niliwatazama wanaume waliokuwa wanapakia majani kwenye mkokoteni. Kila mmoja akawa na kamba ya kukaza. Mume wangu naye.

"Yangu," nikasema.

Jioni nikamnyonyesha mtoto, nikamkabidhi kwa mama mkwe. Alimpokea, akamfunga mgongoni mwake, akafunga na fundo la pili. Nikaenda bani peke yangu.