Carmelina na Kitabu cha Sheria ya Waingereza

Mke wangu Carmelina alikuwa fundi cherehani. Kampala alishona magauni ya harusi. Hapa Toronto alipunguza suruali za watu, ameketi dirishani, katika fleti yetu ya Weston. Mimi nilikuwa mpishi. Shule sikwenda. Kusoma kidogo na kuandika alinifundisha yeye.

Kampala tulitolewa nyumbani na askari. Hata cheti cha ndoa kilibaki kabatini. Tangu siku hiyo, Carmelina akisikia mlango unagongwa, anazima cherehani kwanza.

Kitabu alikinunua kwenye mauzo ya vitu vya mitumba, katika chumba cha chini cha kanisa. Kimechakaa, mgongo umeshikwa na selotepu. Kinaeleza sheria ya Waingereza ilianzaje. Nilimcheka.

"Katika uzee huu unataka uwakili?"

"Nataka kujua anayemtoa mtu nyumbani kwake anaupata wapi uwezo huo."

Jioni alisoma, akinitafsiria. Nilishika jambo moja tu. Zamani zile, mtu akishitakiwa naye hana karatasi, alileta majirani. Wakiapa kwamba neno lake ni la kweli, yamekwisha.

Carmelina alifariki wakati wa theluji. Mkataba wa kupanga fleti ulikuwa na jina lake peke yake. Hapo hofu ikaniingia. Nikawa napika bila redio, nisisikike. Nikashinda na viatu miguuni, tayari kutolewa.

Msimamizi wa jengo, Russell, akaja. Kijana wa adabu.

"Mume anaruhusiwa kubaki," akasema. "Niletee cheti cha ndoa. Nitarudi Ijumaa."

Nikaenda kwa Azmina, tunayepakana naye ukuta, na kwa Gervais, Mkongo wa ghorofa ya juu.

"Njooni mniapie."

"Papa," Gervais akacheka, "umeua mtu?"

"Natolewa nyumbani."

Akaacha kucheka.

Ijumaa niliwapanga koridoni, mstari mmoja. Russell alipotoka kwenye lifti akasita, kama ameona genge. Nikamwinulia kitabu. Nikasema cheti sina, kilibaki Kampala, lakini hawa ni majirani, wataapa.

Azmina akaninong'oneza, "Anko, hiyo sheria ni ya lini?"

"Ya zamani."

"Zamani ipi?"

"Ya wafalme."

"Yallah!" Lakini akamgeukia Russell. "Bwana, tangu nihamie hapa nawasikia hawa wawili wakigombana juu ya chumvi, usiku na mchana. Kama ile si ndoa, niambie ni nini."

"Naapa," Gervais akasema, mkono juu kabisa.

Russell hakukigusa kitabu. Alisema siku hizi mambo hayaendi hivyo. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nitaongea na wenye jengo," akasema mwisho. "Kwa sasa kaa, mzee."

Hakusema mpaka lini. Nami niliogopa kumuuliza.