Bibi Alipojifunza Kubadilisha Treni Lidcombe

Sisi tulioanza sekondari wakati wa korona tunaruhusiwa kusema "enzi zetu", hata kama wazazi wanatucheka. Wadogo zetu wa leo hununa wakinyang'anywa simu shuleni; sisi shule yenyewe ilikuwa ndani ya simu, na mtandao ukimgandisha mwalimu mdomo wazi tulifurahi kimoyomoyo. Mnakumbuka mikono ilivyonuka spiriti kutwa nzima? Mnakumbuka barakoa za kitenge? Bibi yangu, mama yake baba, alizishona kwa mkono kwa ajili ya nyumba nzima, na ya kwangu ilikuwa na kichwa cha kuku kilichoangukia juu ya pua. Niliivaa hivyo hivyo, maana ya dukani ilikuwa haipatikani.

Tuliishi Seven Hills, magharibi mwa jiji la Sydney. Baba alifanya kazi kwenye ghala huko Wetherill Park na aliondoka na gari kabla hatujaamka. Mama alihudumia wazee. Akirudi alivua viatu nje na kupitiliza bafuni, ndipo tumkumbatie. Mchana tulibaki mimi, mdogo wangu Neema na Bibi, pamoja na sufuria ya maharage iliyotokota tangu asubuhi mpaka madirisha yakatoka jasho.

Bibi alikuwa na shoga yake, Mama Yohana, aliyeishi naye kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kabla wote hawajaletwa Sydney. Yeye alikaa Berala. Majira ya baridi ya mwaka wa pili wa korona mumewe akafariki. Mazishini waliruhusiwa watu kumi tu, na Bibi hakuwamo. Alivaa nguo zake za msibani akatazama kwenye simu ya baba, ameketi sebuleni wima kabisa. Mwana pekee wa marehemu, Yohana, alikuwa Perth na mipaka imefungwa. Mama Yohana akabaki peke yake ndani ya nyumba ile. Simu za watu hakupokea. Ya Bibi alipokea, lakini alikuwa akinyamaza tu, na Bibi naye akinyamaza upande huu, mpaka vocha ikaisha.

Kisha serikali ikasema mtu anayeishi peke yake anaweza kutaja mgeni mmoja wa kumtembelea, huyo huyo siku zote. Mama Yohana akamtaja Bibi.

Shida ikawa Lidcombe. Kutoka kwetu kwenda Berala lazima ubadilishe treni pale, na Bibi hakuwahi kupanda treni peke yake hata siku moja. Kwetu mgeni haachwi aondoke bila kusindikizwa. Bibi alikuwa amesindikiza na kusindikizwa maisha yake yote. Safari hii ametajwa yeye tu, na baba aliogopa faini kuliko nyoka. Lakini kumwacha mfiwa akae peke yake Bibi hakukubali, alisema atafika hata kwa miguu.

Basi tukaijenga stesheni ya Lidcombe sebuleni. Tulitandika vitenge sambamba, vikawa majukwaa. Kochi likawa lile daraja lenye paa linalopita juu ya reli, kwa sababu Lidcombe imejengwa hivyo: huwezi kuvuka kutoka treni moja kwenda nyingine mpaka upande ngazi kwanza, ufike darajani na wenzako wote wanaobadilisha, ndipo uteremke upande wako. Neema alikuwa spika ya stesheni. Alikuwa anasikia Kiswahili chote ila kujibu hataki.

"Mind the gap, Bibi," alisema, yaani aangalie pengo kati ya treni na jukwaa.

"Nimekusikia, tumbili wewe," Bibi akajibu, akaruka kitenge.

Jukwaa la mwanzo pale linaitwa sifuri, na Bibi hakulipenda. Alisema, akiita stesheni gare kama alivyozoea kwao, "Hii gare yenu haiko sawa. Mtu atasimama aje pahali pa sifuri?" Nilimwambia hatutalihitaji, lakini kila tukifanya mazoezi alilizunguka kwa mbali.

Jioni baba alituongezea historia aliyoisoma mtandaoni. Alisema jina la Lidcombe liliungwa kutokana na majina ya mameya wawili, na kwamba zamani reli ilichepuka pale ikaingia mpaka ndani ya makaburi. Treni ilitoka mjini imebeba majeneza pamoja na wafiwa.

"Wafiwa ndani ya treni hiyo hiyo?" Bibi aliuliza.

"Hiyo hiyo, Mama."

Bibi akaenda kulala bila kumaliza chai yake.

Siku ya safari alipiga simu kutoka Berala kabla ya saa sita: amefika. Tulicheza ngoma juu ya daraja letu mpaka kochi likalia. Lakini jua likazama, hajarudi. Simu yake haikupatikana. Baba alirudi kutoka kazini, akanitazama, kwani mwalimu wa Bibi nilikuwa mimi. Tukaingia kwenye gari tukaelekea Lidcombe, Neema akabaki na mama.

Tuliwakuta darajani. Bibi na Mama Yohana, wamevaa barakoa, wamesimama wameachiana nafasi kama sheria ilivyotaka, na kikapu cha Bibi kimeshikwa na Mama Yohana. Kijana wa stesheni alituambia kila mmoja amekuwa akimpeleka mwenzake kwenye treni yake, kisha wanarudi juu wote wawili. Alikuwa ameacha kuwauliza.

"Shikamoo, mama," baba alimwamkia Mama Yohana.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha baba akamgeukia Bibi. "Mama, tumehangaika. Gari liko nje, twende."

"Usimgombeze," Mama Yohana alisema. "Mimi ndiye nimekataa kumwacha. Mume wangu nilimfikisha getini tu. Watu wa ambulensi wakaniambia nirudi ndani. Huyu niache nimfikishe."

Baba alitazama chini. Nilidhani atamweleza kuhusu gari tena. Badala yake alisema, "Haya, mama. Tufikishe."

Tuliteremka ngazi wote wanne, Mama Yohana na kikapu mbele. Treni ya kwetu ilipokuja alimpa Bibi kikapu chake, tukapanda. Milango ilipofungwa aliinua mkono, na aliendelea kuupunga mpaka jukwaa likaisha. Gari letu lililala Lidcombe. Kesho yake Mama Yohana alianza kupokea simu za watu.

Siku hizi hakuna anayetuzuia kwenda popote. Hata treni za Berala zimepangwa upya, na Neema amekuwa mrefu kuliko mimi. Mgeni akiaga, Neema humwambia "See ya" bila kuinua kichwa, na mgeni mwenyewe anatazama kwenye simu dereva wake amefika wapi. Hakuna aliyekosea, najua. Ila mimi nazipenda zile siku zilizofungwa, kwa sababu ndani yake nilimwona baba yangu, mtu mwenye gari, akipanda treni asiyoihitaji ili mjane mmoja apate wa kumpungia mkono.