Aliyetufungia Robota Zhongda

Nayakumbuka sana majira yale ya Zhongda, soko la vitambaa la Guangzhou, Uchina, na yule dada wa Unguja aliyetufungia robota za vitambaa ghalani. Tukisubiri lori la kwenda bandari ya Huangpu, alitusimulia hadithi za kutisha huku akikata selotepu kwa meno, macho hayainui. Zote zilikuwa moja: wanawake wawili wanapendana, mmoja anakufa, kisha anarudi kugonga mlango.

"Astaghfirullah! Mbona mwenzake hakimbii?" aliuliza Muzdalifa, mfanyabiashara mwenzangu.

"Akimbie nini, bibi wee? Si mpenzi wake huyo?" alijibu, akivuta uzi wa gunia kwa vidole vyake vya hina.

Tulicheka, tukasogeleana, tukaomba nyingine. Alasiri moja ya mvua alikuwa amefika palepale pa kugonga, mlango wa ghala ukagongwa kweli. Sisi tulipiga mayowe. Yeye aliweka sindano chini, akajifuta jasho, akatengeneza mtandio wake vizuri, akaenda kufungua huku anatabasamu.

Aliyegonga alikuwa dereva wa lori. Mpaka leo sijaona mtu aliyesikitika vile kwa kukuta mlangoni mtu aliye hai.