Ngamia Aliyebeba Nyumba

Nikinusa manemane dukani, namkumbuka ngamia wetu wa mizigo. Nyumba yetu ilikuwa ya mikeka, na kila tulipohama yeye ndiye aliyeibeba. Mwaka mmoja mguu wake ulivimba, na kwa siku tatu hakugusa hata jani la mgunga. Mama alimkanda kwa samli na manemane. Baba akauchoma uvimbe kwa chuma cha moto, kama dawa. Askari walikuwa wameamuru wafugaji wote wahamie karibu na kambi yao; atakayebaki porini atahesabiwa shifta, yaani mwasi.

Jioni ya mwisho kabla ya kuhama, ngamia akaanza kula. Alitafuna mkeka wa nyumba, ule aliousuka mama kabla ya kuolewa. Nilikimbia kumnyang'anya.

"Mwache ashibe, mwanangu," mama alisema. "Kesho tunakwenda bila yeye. Nani mwingine ataubeba mkeka huo?"