Mama Sweta Hataki Tena Sweta Limsemee

Asubuhi bado mbichi, na chumba cha makarani wa ankara za maji kinanuka dawa ya kupigia deki. Mama Sweta anaingia wa kwanza. Anasukuma mkoba chini ya meza, anawasha kompyuta, na wakati mashine inajikokota kuamka, yeye hakai.

Anasimama nyuma ya kiti chake, ameushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Anainua visigino, anavishusha. Anainua, anavishusha. Midomo inacheza polepole. Asiyemjua angedhani anahesabu. Anasali.

Sala ni ya jirani yake wa meza ya dirishani. Kiti chake kipo, kimesogezwa hadi kikagusa meza, na hakuna aliyekikalia tangu mwenyewe aondoke. Wenzake walimwita Babu Mita.

"Sijui kama sala inamfikia," anasema Mama Sweta. "Lakini visigino vyangu vinasikia."

Ameifanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Wasoma mita huzunguka mitaani, huleta tarakimu, naye huziingiza kwenye kompyuta mpaka jioni. "Wao wamepewa miguu, sisi tumepewa makalio," anasema, na anacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni.

Katika chumba hiki, kila kitu humfuata mtu alipo. Majalada huletwa na tarishi. Chai huletwa na mama wa chai, meza hadi meza. Simu iko kiganjani. Ukitaka kusema na mwenzako aliye hatua tano kutoka kwako, unamwandikia ujumbe. Karani mmoja aliwahi kusema kwamba kama ingewezekana hata choo kingeletwa, na watu wakacheka bila kuinuka.

Ipo pia desturi ambayo hakuna anayejua nani aliianzisha. Anayetoka huacha nguo kwenye mgongo wa kiti. Nguo ikiwepo, mwenyewe yupo: yuko msalani, yuko kwa mhasibu, yuko njiani anarudi. Bosi, mkuu wa kitengo, akichungulia mlangoni hutazama nguo, hatazami watu.

Sweta la Mama Sweta ni la buluu, limechakaa viwiko. Kwa miaka halikuwa likienda nyumbani ila kufuliwa. Ndilo lililompa jina.

Babu Mita alikuwa na koti la kahawia, na koti hilo lilikuwa na historia yake. Kabla ya kuletwa chumbani alikuwa msoma mita. Alitembea mitaa mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Alikuwa mwembamba kama fito, na wenzake walisema jua lilimkausha likasahau kumwanua.

Kisha akapewa kiti. Kwa wasoma mita, kupewa kiti ni kutoka juani, ni kuheshimika. Mkewe alimnunulia koti siku hiyohiyo. "Mtu aliyepewa kiti haendi kazini na fulana," alimwambia.

Kiti kikamnenepesha. Tumbo likatangulia, pumzi ikabaki nyuma. Akawa anapanda lifti hata kwenda ghorofa moja, na akifika mezani hujifuta jasho kama aliyebeba gunia.

Mwaka jana daktari aliletwa kuwapima wafanyakazi. Babu Mita aliambiwa moyo wake umezubaa. Mama Sweta aliambiwa sukari imeanza kubisha hodi, na kwamba mguu wa kushoto unaovimba jioni si wa kuchezea; damu inayolala sana inaweza kuganda.

"Siwaambii mkimbie," daktari aliwaeleza wote wawili, wamekaa bega kwa bega kwenye benchi. "Inukeni mara kwa mara. Chota maji mwenyewe. Shuka kituo kimoja kabla, umalizie kwa miguu. Ila kidogo kidogo. Mwili uliolala miaka hauamshwi kwa kofi."

Babu Mita alianza kesho yake. Alikwenda mwisho wa korido, akarudi. Akaenda tena.

"Babu, mita huku hazipo!" mmoja akamrushia.

"Mwacheni, anatafuta bomba lililopasuka!" akadakia karani mnene wa meza ya pili, naye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Bosi naye akatoka ofisini kwake. "Mzee, hapa hatulipi watu kwa nyayo. Kiti kitupu ni kazi tupu."

Babu Mita alikaa. Mama Sweta anasema alimwona akikaa kama mtoto aliyefukuzwa mchezoni. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na aibu ya mtu mzima haina pa kulilia.

Ndipo akahamia ngazi za nyuma. Jengo lina lifti, kwa hiyo ngazi hizo zilibakia za vumbi na ndoo za mfagizi. Huko hakuna wa kumcheka. Lakini huko hakukuwa na kidogo kidogo pia. Alikuwa akitoroka dakika chache, akitaka kuzikomboa zote kwa mkupuo: kutoka chini hadi juu kabisa, bila kupumua.

Alimwambia Mama Sweta peke yake. "Dada, nikitoka kule nasikia damu inakumbuka njia. Koti naliacha hapa. Bosi akiuliza, nisemee."

"Nenda, kaka. Lakini polepole."

"Polepole ndiyo iliyonifikisha hapa," akamjibu, akitabasamu.

Siku yenyewe ilikuwa kama siku nyingine. Chai ilipita. Babu Mita akaondoka, koti likabaki. Baadaye bosi akachungulia.

"Babu Mita yuko wapi?"

Mama Sweta hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Yupo, bosi. Koti lake si lile?"

Bosi akatazama koti, akaridhika, akaenda zake. Mchana watu walikula mezani mwao kama kawaida. Bakuli la Babu Mita likabaki limefungwa kwa kitambaa. Aliyepita karibu alidhani amekwenda kwa wenzake wa zamani. Bosi alichungulia tena, na safari hii hakuuliza hata. Koti lilikuwepo.

Mfagizi ndiye aliyemkuta, jua likiwa limeshageuka, alipokwenda kuchukua ndoo. Babu Mita alikuwa ameketi kwenye ngazi ameegemea ukuta, kama mtu anayepumzika ili aendelee. Mungu amrehemu.

Hospitali walisema ni moyo. Walisema angewahiwa, labda.

"Labda ni neno zito kuliko yote," anasema Mama Sweta. Anaufungua na kuufunga mkoba wake, kisha anauacha. "Wangesema ndiyo, ningeibeba. Wangesema hapana, ningeibeba. Labda haina mpini. Utaishika wapi?"

Baada ya mazishi mjane alikuja kuchukua vitu vya marehemu. Vilikuwa vichache: bakuli, kalamu, koti. Mama Sweta alimkaribisha, akamsogezea kiti. Mjane hakukaa.

"Mlikuwa wangapi humu siku ile?"

"Sita, dada yangu, ukimtoa yeye."

"Sita." Mjane akalikunja koti mara mbili, akalipakata kama mtoto. "Watu sita, na aliyeulizwa ni koti."

Hakusema kwa hasira. Mama Sweta anasema angefokewa angepona mapema.

Kazini nako walijifunza, ila walijifunza kinyume. Mlango wa ngazi za nyuma ulipigwa kufuli. Bosi aliwakusanya akasema, "Mmeona wenyewe. Kila mtu akae mahali pake." Tangu hapo anayejinyoosha mgongo huambiwa, "Angalia, usije ukatufia." Kutembea kukawa ndiko kulikoua mtu. Kukaa kukatoka bila lawama.

Mama Sweta naye alikaa. Kwa wiki kadhaa hakuthubutu hata kwenda kuchota maji. Mguu ukaanza kumlipiza. Jioni kiatu kilikuwa hakivuki kisigino, akawa anarudi nyumbani akiburuta kandambili.

Anaishi vyumba viwili na bintiye, fundi cherehani, naye pia ni wa kukaa. Jioni moja binti alimtia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akambonyeza muundi kwa kidole.

"Mama, tazama. Nimetoa kidole, shimo limebaki."

"Litajaa tu."

"Hiyo kazi inakula, Mama."

"Inatulisha pia."

"Inatulisha, sikatai. Lakini imeanza kula, na imeanza na wewe."

Mama Sweta alilitazama lile shimo mpaka likajaa. Lilichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia. Kesho yake alishuka kituo kimoja kabla.

Sasa hufanya mambo madogo, na huyafanya waziwazi. Maji huchota mwenyewe. Mteja akipiga simu kulalamika, yeye husimama. "Hata mteja anasikia kuwa nimemsimamia, anapunguza sauti," anasema. Jalada akilihitaji, hulifuata. Tarishi mwanzoni alinuna.

"Mama, unanitoa kazini?"

"Nakutoa kunibebea, mwanangu. Siku ya kunibeba kweli bado, usiiharakishe."

Lakini jambo moja limemponza. Akiinuka huondoka na sweta lake. Hulivaa, au hulitupia begani. Kiti kinabaki uchi, na kiti uchi bosi hakipendi. Ameshampa onyo mara mbili kwa mdomo. La tatu huja na barua, na mkataba wa Mama Sweta ni ule wa kutazamwa upya kila mwaka. Mshahara wenyewe huishia katikati ya mwezi, lakini nusu ya kwanza ya mwezi huo ndiyo inayolipa kodi ya vyumba viwili. Akikaa, mguu. Akiinuka, kazi. Hapo ndipo alipobanwa.

Wenzake wamemshauri. "Liache tu, dada," alimwambia yule karani mnene. "Sweta likuponze kwa nini? Kwani sweta linasema uongo?"

"Linasema," akajibu. "Nililisikia koti likisema."

Karani mnene akarudia tarakimu zake.

Wiki iliyopita alimfuata mama wa chai jikoni, akamwomba asizungushe chai mezani. Aiweke mwisho wa korido, kwenye dirisha, anayeitaka aifuate.

"Shoga, wewe unataka nifukuzwe," mama wa chai alisema. "Nisipoonekana nazunguka, si wataniuliza nafanya nini?"

"Utakuwa unamimina. Sisi ndio tuzunguke."

"Na wasipokuja?"

"Chai ikipoa, watu hujua miguu yao ilipo."

Mama wa chai alicheka mpaka akashika ubao wa meza. Akakubali kujaribu siku moja.

Siku hiyo ni leo. Chupa ya chai iko dirishani, mwisho wa korido, vikombe vimepangwa juu ya sinia. Chumbani watu wanangoja. Mmoja anaita, "Mama wa chai, umetusahau?" Mwingine anapiga meza kwa kijiko.

Mama Sweta anainuka. Anachukua sweta mgongoni mwa kiti, analivaa, japo joto linaanza kupanda. Anafunga kifungo kimoja. Anapita kando ya kiti cha dirishani, anakigusa, anatoka.

Anakwenda polepole, kwa sababu mguu haujapona na huenda usipone wote. Amefika katikati ya korido anaposikia nyuma yake kiti kikilia. Ni karani mnene. Anakuja akihema, uso ameuelekeza ukutani kama anayetafuta ufa.

"Chai tu," anasema kabla hajaulizwa. "Nimefuata chai."

"Karibu, kaka."

Wengine wanne hawajatoka. Wanasubiri kuona yatakayowapata waliotoka.

Wanamimina, wanakunywa wamesimama. Kutoka hapo dirishani ule mlango wa ngazi za nyuma unaonekana, kufuli limening'inia. Hilo ndilo analotaka kuliomba baadaye, Mungu akimjalia kubaki kazini: kufuli litolewe, na anayepanda apande na mwenzake, ngazi chache, washuke. Hataki mtu apande peke yake tena kwa kuona haya.

"Ngazi hazikumuua," anasema. "Alikuwa na wenzake sita, akafa peke yake."

Sauti ya bosi inasikika chumbani.

"Mama Sweta yuko wapi?"

Kiti chake hakina nguo. Hakuna cha kuonyesha kidole. Kisha sauti ya karani mmoja, ya chini, kama anayejaribu neno geni mdomoni:

"Hayupo, bosi."

Visigino vya viatu vinagonga sakafu, vinakuja. Bosi anatokeza mlangoni, anatazama upande huu, anatazama upande ule, halafu anatembea korido yote mpaka dirishani. Akifika anahema kidogo.

"Nakutafuta wewe," anasema, amekunja uso.

Karani mnene anarudi hatua moja nyuma. Mama wa chai anajifanya anafuta sinia. Kama onyo la tatu linakuja, litakuja hapa.

Mama Sweta anaweka kikombe chini, anajitengeneza sweta mabegani. Macho yamemlowa, lakini sauti iko sawa.

"Ahsante, bosi," anasema. "Ahsante kwa kunitafuta."

Bosi anageuza uso. Anatazama kufuli la mlango wa nyuma, kwa muda mfupi tu. Mama wa chai, bila kuuliza, anammiminia kikombe.