Maji Nilibeba mu Giza

Wandugu, miye niko na kosa. Musinitafutie sababu, na musiseme ni shetani. Ni miye mwenyewe, na hii kinywa yangu!

Bibi yangu alikuwa ananipenda. Nasema "alikuwa", na inaniuma. Tuko mu ndoa tangu zamani, watoto wote wamekomaa, wajukuu wameanza kutuvurugia nyumba. Lakini mugongo yake, tangu walimupasua juu ya kuzaa mutoto wetu wa mwisho, haiwezi kubeba kitu nzito. Hakuniomba kitu. Miye mwenyewe nilianza kushuka ku source, ile chemchemi ya chini, kumuchotea maji.

Lakini munajua hapa kwetu Bunia! Mwanaume muzima, na ndevu yake, bidoni ya maji ku bega, bamama wanamuangalia? Watasema alilishwa dawa. Watasema bibi alimuweka mu mufuko. Basi nilikuwa nashuka mbele jogoo haijawika, narudi haraka haraka, nanawa matope ku miguu, naingia kama mwizi mu nyumba yangu mwenyewe.

Na yeye? Aa, ule mama! Kila asubui nilikuwa nakuta kikombe ya chai ya tangawizi ku meza, amefunika na sahani ili isipoe. Na jua ikitoka, anakamata kabidoni kadogo, anapita nako mbele ya majirani, anasalimia huyu, anasalimia ule, ili wafikiri maji yote ya nyumba ni yeye anachota. Alikuwa anafunika haya yangu! Miye nilikuwa naona ni kitu ya kawaida tu, nakunywa chai yangu naenda kazi.

Sasa, mwaka iliyopita, kaka yangu mukubwa alitoka Boga, akakuja kukaa kwetu siku kidogo. Ule kaka alikuwa na ulimi mukali. Hata sasa niko na wajukuu, akinikoholea nilikuwa nasimama. Tulimutandikia mu salon, karibu na mulango. Nikawaza: nikipita hapa na bidoni ataniona, na Boga nzima itajua. Sikushuka. Kesho yake, sikushuka tena. Pipa ikakauka.

Kaka akaomba maji ya kuoga. Hakuna.

"Nyumba bila maji, na mwanamuke iko ndani?" akasema. "Ndugu yangu, wewe ulioa nini?"

Wandugu, pale ndio nilipaswa kufungua kinywa. Neno moja tu: "Kaka, maji ni kazi yangu." Aka! Nilicheka. Nilicheka, nikasema: "Kaka, huyu ni muvivu tangu zamani. Miye nilishazoea."

Kumbe bibi yangu alikuwa amesimama mu mulango, na bugali ya moto mu mikono, ile alipika na maji ya mwisho. Aliniangalia. Aliweka sahani mbele ya kaka, akapiga goti kama desturi, akasema, "Karibu chakula, shemeji." Halafu akakamata bidoni kubwa, ile yangu, akashuka.

Mvua ilikuwa imenyesha. Njia ya ku source ni mutelemuko, na udongo yetu ikilowa munaijua. Wakati wa kurudi akateleza, na bidoni ikamuangukia. Bamama ndio walimubeba mpaka ku hopitali. Miye nilifika kwa nyuma, nimevaa viatu safi.

Mufupa ya nyonga ikavunjika. Mpaka leo anatembea na fimbo, na chini ya mutelemuko hawezi kufika tena. Lakini hiyo si ndio inanikula zaidi.

Alipotoka hopitali, nilisema sasa nitabeba maji mchana, watu waone, haya iende zake! Na ninabeba kweli. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, wananipigia mulio: "Papa, umeajiriwa?" Acha wacheke. Lakini maji ile bibi yangu haigusi. Ya kupikia, ya kuoga, ya kunywa, ananunua kwa mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, anayepita ku barabara. Yangu anaipeleka kwa mbuzi. Wandugu, mbuzi ndio inakunywa mapendo yangu!

Na asubui ku meza hakuna kikombe. Iko ku etajere, pale tunapanga vyombo, imepinduliwa.

Siku moja nikamupigia magoti. Nikasema, "Mama, unisamehe. Unataka nifanye nini?"

Akajibu pole pole, bila hasira: "Papa, siwezi kukukatalia musamaha. Lakini uliniita muvivu mbele ya kaka yako. Siku utapita na bidoni mbele yake, umuambie ukweli, ile maji nitakunywa."

Nikafurahi! Nikapiga simu Boga palepale, nikamuambia kaka akuje Noeli. Ukweli wenyewe? Nilisema nitamuambia akifika. Noeli, njia ikawa mubaya, magari haikupita. Nikasema, Pasaka. Mbele ya Pasaka, wakanipigia simu: kaka amelala, hakuamuka.

Niliomboleza kaka, ndiyo. Lakini nitawaficha nini? Nililia zaidi juu ya ile neno yangu. Imeingia naye mu kaburi: bibi ya ndugu yangu ni muvivu. Nani ataitoa kule? Kuna musemo ya maji ikimwagika, munaijua wote. Miye siwezi tena kuisema mu nyumba yangu.

Wanaume wenzangu, musikie! Kama unapenda bibi yako mu giza, siku watu watamutukana mu mwanga utamukana. Beba ile bidoni mchana! Osha ile sahani mbele ya kaka yako! Wacheke, watachoka. Na kama uko na neno ya kusahihisha, usingoje Noeli.

Nikajiambia, basi, niandike hii barua, ninyi wote munisomee, mukuwe kaka yangu. Bibi yangu hakuwa muvivu hata siku moja. Maji ilikuwa kazi yangu, na chai ilikuwa yake.

Mbele ya kutuma, nilimusomea yote. Alikuwa anachagua maharagi mu lungo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Na jina yako umeandika wapi?"

Yeye akaendelea kuchagua maharagi yake.

Jina sikuandika. Munaona wenyewe.