Mfalme Wangu Aligoma Kuruka

Mimi nilisoma darasa tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Mengine yote nimejitafutia mwenyewe: duka la vipuri vya magari hapa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, nyumba ya matofali ya kuchoma, na sataranji. Nasema haya mapema ili unayesoma ujue ni maneno ya mtu gani. Kwa miaka mingi sikuona wa kunishinda kwenye ubao. Kama yupo aliyenishinda, basi nimeshamsahau, na kumsahau ni haki yangu.

Sataranji nilifundishwa na mfanyabiashara mmoja wa asili ya Oman, Mungu amrehemu, aliyekuwa na duka la vitambaa mtaani kwetu. Mimi nilikuwa fundi wa gari lake, na kila nikimaliza kazi ananiambia nikae, kahawa iko tayari. Sheria alizotufundisha ni zile alizopewa na baba yake. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: mfalme, mara moja tu katika mchezo, anaweza kuruka kama farasi, mradi hajatishwa bado. Ukibanwa kabisa, mfalme anaruka, anatua kule, unavuta pumzi. Wote tuliocheza kwenye baraza la lile duka tuliruka hivyo. Hakuna aliyeuliza imeandikwa wapi. Hatukuwa na kitabu, tulikuwa na yeye.

Alipofariki, wanawe waliuza duka wakaenda Maskati, na sisi wachezaji tukatawanyika. Mimi nikabaki nacheza peke yangu dukani. Nilichora ubao juu ya boksi la vichungi vya mafuta, askari wangu wakawa nati, wafalme wakawa plagi mbili za injini. Siku moja akaingia nesi mmoja wa Mutanga Nord kununua kifuta kioo cha gari lake, akaona lile boksi.

"Muzee, unacheza na nani?"

"Na mimi."

"Nani anashinda?"

"Mimi."

Akacheka, akaomba simu yangu. Kumbe yeye ndiye prezidenti wa kundi la wapenzi wa mchezo huo, watu kama thelathini wa mjini hapa, walimu, madereva, wauza maduka. Wanacheza kwenye simu, kila mtu akiwa kwake, na wawili wakicheza, wengine wote wanatazama na kusema maneno yao kwenye kundi. Akaniwekea ule mchezo, akaniingiza kundini, akalipa kifuta kioo chake akaenda. Tangu siku hiyo nati zangu zilirudi kuwa nati.

Wiki tatu nilizocheza mwanzoni nilimchapa kila mtu ambaye simu ilinipa. Kila nikishinda, natuma audio kundini kueleza nilivyoshinda. Wakaniomba nizifupishe. Nikawaambia ushindi mrefu haufupishwi. Sikujua kwamba ile mashine, ukiwa mgeni, inakupa wageni wenzako, watu ambao jana walikuwa hawajui farasi anatembeaje. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Ule mruko wa mfalme sikuuhitaji hata mara moja. Niliuweka kama mtu anavyoweka suti ya harusi.

Kila Jumapili kundi letu lilikuwa linashindana na kundi la Uvira, pale ng'ambo ya mpaka. Mbao sita, watu sita kwa sita, mwenye nguvu zaidi anakaa ubao wa kwanza. Uvira ndio peke yao waliokuwa wanakubali kucheza na sisi kila Jumapili bila kukosa. Prezidenti ndiye alikuwa anakaa ubao wa kwanza. Nikamwambia, mbele ya watu, kwamba hapa Bwiza muzee hakai nyuma ya watoto wake. Akasema, "Sawa, muzee. Kaa mbele."

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu wa kike wa Uvira. Niliona picha yake, mama wa miwani, kitambaa kichwani, anacheka kidogo. Kabla ya kuanza nikatuma audio kwenye kundi la mechi, tulimo sisi na Uvira pamoja: "Mwalimu, leo ukishindwa usihuzunike. Utaenda kuwahadithia wanafunzi wako."

Ilikuwa Jumapili baada ya swala ya alasiri. Kila mtu alikuwa na nusu saa yake. Zikaisha mbao tano: wao walishinda mbili, sisi mbili, moja sare. Ubao wangu tu ndio ulibaki, na watu wote wa Uvira na wote wa Bujumbura wakahamia kwangu kutazama. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya duka, nimebanwa. Yule mama alikuwa ameniletea farasi wawili na malkia mpaka mlangoni. Bado dakika nane kwenye saa yangu. Lakini nilitabasamu, maana mfalme wangu alikuwa hajatishwa hata mara moja. Nikasema moyoni, mwalimu, leo utaona.

Nikamgusa mfalme. Akawaka. Nikagusa kule anakotakiwa kutua. Akazimika, akabaki palepale.

Nikapangusa kidole kwenye shati. Nikamgusa tena. Akawaka, akazimika. Sasa elewa, vidole vyangu vina grisi ya miaka arobaini, na kioo cha simu kimenikataa mara nyingi, hata kumpigia mke wangu. Sikuwaza kwamba sheria ndiyo inanikataa. Niliwaza kioo kimekufa. Na dawa ya kioo kilichokufa naijua: milango miwili kutoka kwangu kuna fundi wa simu, mwanaume wa umri wangu, ndevu nyeupe. Nikatoka na simu nimeishika mbele kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Njiani naona maneno yanapita juu ya kioo: "Muzee anafikiri." "Tulieni, muzee anapiga hesabu kubwa."

"Fundi, mfalme wangu haruki."

"Mfalme gani?"

"Huyu. Namgusa anawaka, halafu anagoma. Upesi, saa inakwenda!"

Akavaa miwani. Akapangusa kioo kwa pamba na spiriti, akakitazama kwa jua, akakigonga kwa ukucha.

"Kioo ni kizima, muzee."

"Apana."

"Kizima, nakwambia. Ona." Akamgusa malkia wangu kwa ukucha wa kidole kidogo, akagusa mahali pengine. Malkia akatembea, akaenda kukaa mdomoni mwa askari wa yule mama. "Ona sasa! Inatembea muzuri!"

"Umefanya nini?"

"Nimetengeneza."

Mungu anisamehe, nilimwita majina ambayo hayaandikwi. Lakini kwenye kundi ilikuwa sherehe. "Yooo! Muzee ametoa malkia!" "Hiyo ni mitego ya wazee, ngojeni!" Prezidenti wetu akaandika, "Sielewi, lakini nyamazeni." Kwa muda wa kama dakika moja nilikuwa mtu mkubwa kuliko nilivyowahi kuwa, na nakiri nilianza kujiuliza kama kweli nilikuwa nimeona kitu. Hata mwalimu aliogopa. Alifikiri, akafikiri. Halafu akamla malkia, na mitego ikawa haipo. Baada ya hatua tatu mfalme wangu alikuwa amekwisha, palepale alipogomea.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikarudi dukani nikatuma audio. Nilisema watu wa Uvira wamefunga mfalme wangu kwa ujanja wa mitambo. Nilisema mwalimu anayeiba mchezo atawafundisha watoto nini. Nilisema mengi, na yote kwa sauti ya juu. La fundi na ukucha wake sikulitaja.

Mwalimu hakupiga kelele. Audio yake ilikuwa fupi.

"Papa, mi sikufunga mfalme wako. Hakuna mutu anaweza kufunga mfalme wa mutu. Umeniita mwizi mbele ya watu, basi uniondolee hilo neno mbele ya watu. Nakupa mpaka Ijumaa. Bila hiyo, sisi Uvira hatuchezi na nyie tena."

Na watu wa Uvira wote, mmoja mmoja, wakaweka dole gumba chini ya maneno yake.

Jumatatu prezidenti akaja dukani, bado na nguo za kazi.

"Muzee, mfalme haruki."

"Anaruka."

"Haruki."

"Mwanangu, nimeruka kabla wewe hujazaliwa!"

Akafungua simu yake, akanipa sheria, kwa Kifaransa. Nasoma polepole, herufi kwa herufi, kidole chini ya mstari. Alingoja. Nilimaliza sehemu yote ya mfalme, nikarudi juu, nikamaliza tena.

"Labda wamesahau kuandika."

"Dunia nzima imesahau, muzee, isipokuwa duka moja la Bwiza?"

"Inawezekana."

Hakucheka. "Na malkia je? Ulimtoa kwa nini?"

"Ilikuwa hesabu yangu."

"Hesabu gani?"

"Ya ndani."

Akanitazama kama anavyotazama mgonjwa anayesema amekunywa dawa. Akasema, "Watu wanangoja Ijumaa," akaondoka.

Wiki hiyo kundi lilikuwa kimya. Watu waliokuwa wanasalimiana asubuhi, wanatumiana michezo, wanachekana, wakanyamaza wote, na kila mmoja alijua ni kwa sababu ya nani. Dereva mmoja wa Mutakura aliandika tu, "Kwa hiyo Jumapili tutakuwa tunafanya nini?" Nilikuwa na jibu, sikulitoa.

Ni lazima niseme ukweli. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuomba msamaha. Siyo kwamba sikukosea. Mteja akirudi na breki nilizompa vibaya, namwambia gari lake ndilo lililotengenezwa vibaya kiwandani. Mke wangu nikimkosea namnunulia samaki, mukeke mkubwa, na yeye anajua samaki huyo anasema nini. Lakini huwezi kumtumia mtu samaki kwenye simu.

Na jambo lililoniuma halikuwa mfalme. Mfalme ni ujinga, na ujinga si dhambi. Lililoniuma ni ukucha wa fundi. Katika mchezo ule mwalimu alicheza peke yake. Aliyechezewa hatua na mtu mwingine ni mimi. Nilimwita mwizi mtu safi, na mkono wa ziada ulikuwa upande wangu.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda nyumbani, nikajitenga chumbani na simu. Audio ya kwanza nilieleza maisha yangu tangu utoto. Nikaifuta. Ya pili nikasema kosa ni la yule mzee wa vitambaa aliyenifundisha vibaya. Hiyo niliifuta haraka, na aibu ikanipanda mpaka masikioni, maana marehemu hajibu audio. Ya tatu nikaanza na neno lenyewe: "Nisamehe."

Pazia likafunguka. Mke wangu, mkono kifuani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa mbona nasikia unaomba msamaha?"

"Nimemkosea mtu."

Akakaa kitandani. "Sema tena nisikie vizuri."

"Mama, toka."

"Sitoki. Miaka yote hii! Sema."

Basi nikasema mbele yake, maana hakutoka. Nilisema hivi: "Mwalimu, ni mimi wa Bwiza. Mfalme haruki, nimesoma. Mimi ndiye sikujua sheria. Wewe hukuiba kitu. Na yule malkia hakuchezwa na mimi, alichezwa na fundi wa simu alipokuwa anajaribu kioo. Kwa hiyo aliyesaidiwa ni mimi, siyo wewe. Neno langu nimeliondoa. Nisamehe." Nikaachia kidole, ikaenda, na mke wangu akapiga kofi moja dogo.

Nikaona watu wanasikiliza, mmoja baada ya mwingine. Halafu yule dereva wa Mutakura akaandika neno moja: "FUNDI?" Baada yake zikaja zile sura za kucheka, mistari na mistari, za Bujumbura na za Uvira zimechanganyika mpaka hujui nani ni nani. Mmoja akauliza fundi anapatikana siku gani. Nilikasirika kidogo, lakini mke wangu alikuwa anacheka pia, na huwezi kukasirikia nchi mbili na nyumba yako kwa wakati mmoja.

Audio ya mwalimu ilianza na kicheko kwanza, akashindwa kuongea, akaanza tena.

"Papa, nimesamehe. Aki, nimesamehe kabisa. Jumapili tunakuja. Lakini siku ile ulinitisha! Nilifikiri huyu muzee ameona kitu Mungu tu anaona."

Chini yake prezidenti wetu akaandika orodha ya mbao za Jumapili. Yeye wa kwanza. Jina langu lilikuwa la sita, chini kabisa.

Nikaweka kidole kwenye alama ya sauti, nina maneno tayari kuhusu muzee kukaa nyuma. Mke wangu alikuwa bado amekaa pale, ananitazama. Nikatoa kidole. Nikaandika, mimi nisiyependa kuandika, herufi moja moja: "Sawa. Wangu ni nani?"

Wakanijibu kwamba ni muuza samaki mmoja wa Uvira, mzee mwenzangu, ameanza kujifunza wiki iliyopita. Niliona aibu kidogo kufurahi, lakini nilifurahi.